Taimsheya si parsele: kabla ya kuuza juma lako la likizo, piga kwanza hesabu

Huku kwetu mashariki mwa Kongo, mtu akisema anauza parsele yake, familia inaketi. Wazee watauliza: kuna shida gani? Ni ugonjwa, ni deni, ao ni mtoto amekosa makuta ya masomo? Maana parsele haiuzwi hivi hivi. Hata kama haina nyumba, hata kama iko mbali na barabara, watu wanaamini kwamba bei yake itapanda na kwamba siku moja itasaidia watoto. Ndiyo maana shauri ambalo wengi wanatoa ni moja tu: vumilia, usiuze.

Shauri hilo linaweza kuwa zuri kwa parsele ya Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia. Lakini kuna kitu kingine ambacho ndugu aliye ng'ambo anaweza kuwa nacho mkononi, chenye karatasi, muhuri na neno «umiliki», na ambacho ukikishika kama parsele kitakula makuta yako kila mwaka hadi uzee. Kitu hicho kinaitwa taimsheya. Wanaosema Kifaransa wanajua jina lingine: multipropriété.

Jambo hili linatuhusu. Tangu mwaka 2016, Wakongomani wamekuwa mara kadhaa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi ambao Marekani ilipokea kwa mwaka mmoja. Wengi ni watu wa Kivu, wa Tanganyika na wa Ituri, waliopitia kambi za Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda. Leo wanaishi Louisville, Dayton, Abilene, Portland na miji mingine mingi. Wanafanya kazi, wanapata mshahara kila majuma mawili, na wameanza kuaminiwa na banki. Muuzaji wa taimsheya anatafuta mtu wa namna hiyo: mwenye mshahara na anayeweza kupewa deni.

Unanunua nini kweli?

Taimsheya ni haki ya kutumia nyumba ya likizo kwa muda fulani kila mwaka, mara nyingi juma moja. Chumba kile kile kina watu wengi: wewe una juma lako la mwezi wa saba, mwingine ana la mwezi wa nane, na kadhalika mpaka majuma ya mwaka yanaisha. Siku hizi kompani nyingi haziuzi tena juma lenye tarehe. Zinauza pointi, na kwa pointi hizo unaomba nafasi katika hoteli zao mbalimbali, kama nafasi iko.

Wazo hili lilianzia Ulaya. Katika mwaka 1967, huko SuperDévoluy katika milima ya Alpes ya Ufaransa, kompani moja ilianza kuuzia watu majuma ya likizo ya theluji, ikiwaambia kwamba kununua ni nafuu kuliko kukodi. Miaka ya 1970 biashara hiyo ilivuka bahari. Katika jimbo la Florida kulikuwa majengo mengi ya likizo yaliyokosa wanunuzi, kwa sababu bei ya petroli ilikuwa imepanda na uchumi ulikuwa umelala. Wenye majengo waliona kwamba chumba kisichopata mnunuzi mmoja kinaweza kupata wanunuzi hamsini, kila mmoja na juma lake.

Hapo ndipo tofauti na parsele inaanza. Mwenye kuuza chumba kwa watu hamsini anapata makuta mengi kuliko angekiuza kwa mtu mmoja. Bei unayolipa inabeba pia mishahara ya wauzaji, zawadi, matangazo na faida. Siku unapotia sahihi, sehemu kubwa ya makuta yako imekwisha kuwa mshahara wa watu wengine. Wewe unabaki na juma moja tu, na soko limejaa majuma kama hilo.

Saa moja na nusu inayokuwa saa tano

Wengi wanaingia kwa mlango wa zawadi. Katika miji ya likizo kama Orlando, Las Vegas, Branson ao Gatlinburg, mtu anakusimamisha na kukuahidi tiketi za bure, chakula, ao usiku mbili za hoteli kwa bei ya chini. Sharti ni kusikiliza maelezo kwa saa moja na nusu. Mara nyingi unaombwa pia kuja na mume ao mke wako, na kuonyesha kwamba mna mshahara wa kiasi fulani. Wanataka wote wawili wawepo ili hapana mtu aseme: «Nitaongea kwanza na mwenzangu.»

Saa moja na nusu inaweza kuwa saa nne ao tano. Muuzaji wa kwanza akishindwa, anakuja mkubwa wake na bei mpya, «ya leo tu». Watoto wamechoka, njaa inauma, na karatasi ni nyingi, zote za Kiingereza. Katika familia zetu nyingi, anayetafsiri ni mtoto wa miaka 14, na maneno ya kontra si maneno ya shule. Muuzaji anasema: «Ni mali yenu, mtawaachia watoto.» Mtu wa kwetu akisikia hivyo, moyoni anaona parsele.

Kuna jambo moja la kukumbuka. Kontra nyingi zina mstari unaosema kwamba hakuna ahadi nyingine isipokuwa ile iliyoandikwa. Kama muuzaji alikuambia kwamba utaweza kuuza kwa faida, ao kwamba kompani itanunua tena juma lako wakati wowote, na jambo hilo halimo katika karatasi, itakuwa vigumu sana kulidai.

Tupige hesabu pamoja

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Louisville. Si mtu tunayemjua, ni mfano tu, lakini tarakimu zake ziko karibu na zile za soko. Huko Marekani, bei ya kati ya taimsheya mpya inapita dola 20,000, na malipo ya matunzo, yaani yale ya kusafisha, kutengeneza na kulinda jengo, yanapita dola 1,000 kwa mwaka.

Mama huyu ananunua juma kwa dola 20,000. Hana kiasi hicho, basi kompani yenyewe inamkopesha kwa miaka 10, na faida ya asilimia 15 kwa mwaka. Mikopo ya taimsheya ni ghali namna hiyo, kwa sababu banki za kawaida hazipendi kukopesha kwa kitu kisichouzika. Atalipa karibu dola 323 kila mwezi. Kisha miaka 10 atakuwa amelipa karibu dola 38,700.

Ongeza sasa malipo ya matunzo. Tuseme ni dola 1,200 kwa mwaka na tusiyapandishe, ingawa kwa kweli yanapanda karibu kila mwaka. Miaka 10 ni dola 12,000. Jumla inafika dola 50,700. Gawanya kwa majuma 10 aliyoyapata: kila juma limemgharimu dola 5,070, ndiyo kusema zaidi ya dola 720 kwa usiku mmoja. Kama angekodi hoteli nzuri ya dola 150 kwa usiku, juma lingemgharimu dola 1,050. Tena mwaka ambao hana ruhusa ya kazi, ao mtoto amegonjwa, hangelipa kitu. Lakini taimsheya inalipwa hata kama haukwenda.

Kuna tena mchango wa pekee. Kimbunga kikivunja paa, ao jengo likizeeka, wenye majuma wote wanaweza kuombwa kuchangia matengenezo juu ya malipo ya kawaida. Hiyo pia imo katika kontra.

Usiulize ulinunua bei gani

Mtu akitaka kuuza, swali la kwanza linalokuja ni: «Nilinunua dola 20,000, nitapata ngapi?» Swali hilo ndilo linafunga watu miaka na miaka. Katika soko la mkono wa pili, majuma mengi hayapati hata sehemu ya kumi ya bei ya mwanzo. Kwenye intaneti kuna taimsheya zinazotolewa kwa dola moja, na bado zinakosa mtu wa kuzichukua. Maji yakimwagika hayazoleki, na dola 20,000 zile hazitarudi kwa sababu umekaa ukizingojea.

Swali la kusaidia ni lingine: kuanzia leo, kitu hiki kinanipa nini, na kinanichukulia nini? Fanya hivi. Tafuta kwenye intaneti bei ya kukodi chumba kama chako, mahali pale pale, juma lile lile. Kisha weka bei hiyo pembeni ya malipo yako ya matunzo.

Kama kukodi ni dola 1,800, wewe unalipa matunzo dola 1,200, deni limekwisha, na familia inakwenda kweli kila mwaka kwa furaha, hakuna sababu ya kukimbia. Baki nayo, lakini rudia hesabu kila mwaka. Kama kukodi ni dola 900 na wewe unalipa dola 1,200, basi hata ukitoa juma lako bure unapata faida ya dola 300 mwaka wa kwanza. Na kama hauendi kabisa, unalipa dola 100 kila mwezi kwa kitanda ambacho mtu mwingine analala.

Si taimsheya zote zinafanana. Zile za Disney, kwa mfano, zina tarehe ya kuisha iliyoandikwa, na zimekuwa zikipata wanunuzi wa mkono wa pili kwa bei ya maana. Mahali panapotafutwa sana, katika majuma ya sikukuu, panaweza pia kupata mtu. Kwa hiyo, kabla ya kusema «haina bei», angalia watu wameuza kwa ngapi kweli. Usiangalie bei wanazoomba, maana kuomba si kupata.

Kama ulitia sahihi siku hizi, kimbia

Kama kontra ina siku chache tu, acha kila kitu usome sehemu hii. Majimbo ya Marekani yanampa mnunuzi siku za kubadili shauri bila kutoa sababu na bila kulipa adhabu. Florida inatoa siku 10, California siku 7, Nevada siku 5. Sheria inayohesabiwa kwa kawaida ni ya mahali ulipotia sahihi ao mahali jengo liko, wala si ya mahali unapoishi. Meksiko, ambako Wamarekani wengi wananunua, ni siku 5 za kazi.

Tafuta katika kontra ukurasa unaoeleza namna ya kufuta, na uufuate neno kwa neno. Andika barua fupi: jina lako, namba ya kontra, tarehe, na sentensi moja inayosema unafuta. Itume kwa rekomande ili ubaki na karatasi ya posta yenye tarehe. Usimpigie muuzaji simu kwanza. Atakuomba usubiri, atakupa mkutano juma lijalo, na siku zako zitakuwa zimepita. Usingoje pia mtu wa kutafsiri apate nafasi siku ya Mungu. Mpelekee picha za karatasi leo hii.

Milango minne ya kutoka

Kama siku hizo zimekwisha kupita, bado kuna njia, na ni vizuri kuzifuata kwa mpangilio.

Njia ya kwanza ni kompani yenyewe. Kompani kadhaa kubwa zina mpango wa kupokea tena taimsheya kutoka kwa mtu aliyechoka. Hautalipwa, ao utalipwa kidogo sana, na pengine utaombwa gharama ya karatasi. Lakini malipo ya kila mwaka yanakoma. Mara nyingi kuna masharti mawili: deni la ununuzi liwe limelipwa lote, na malipo ya matunzo yasiwe na nyuma. Piga simu ukiomba idara ya wenye mali, hapana idara ya mauzo. Kama wanakuita uje «mkutano wa kukusaidia», ujue kwamba watu wengi waliingia mkutano wa namna hiyo wakitaka kutoka, na wakatoka na pointi nyingi zaidi na deni kubwa zaidi.

Njia ya pili ni kuuza kupitia komisioneri mwenye leseni ya jimbo. Majina ya wenye leseni yanapatikana kwenye ofisi ya jimbo inayosimamia biashara ya nyumba. Komisioneri wa kweli anachukua asilimia yake siku mauzo yanapokwisha. Anayedai makuta mbele, mwache. Ujue pia kwamba kontra nyingi zinaipa kompani haki ya kununua ya kwanza: ukipata mnunuzi, lazima kompani iulizwe kama inataka kuchukua kwa bei hiyo hiyo.

Njia ya tatu ni kuitoa kwa mtu anayeipenda, tuseme mwenzako wa kazi anayekwenda huko kila mwaka. Mwambie ukweli wote kuhusu malipo. Kisha hakikisha kwamba hati imeandikishwa kwa jina lake na kwamba kompani imekubali kwa maandishi. Bila hiyo, bili zitaendelea kuja kwako.

Njia ya nne ni avoka, zaidi sana kama ulidanganywa wazi. Tafuta avoka wa jimbo husika, muulize bei, na uhakikishe kwamba kweli ni avoka. Kwa mtu asiye na uwezo, miji mingi ya Marekani ina ofisi za msaada wa sheria za bure. Shirika lililokupokea ulipofika linaweza kukuonyesha mlango. Malalamiko yanaweza pia kupelekwa kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na hiyo hailipishwi.

Simu ya mtu mwenye mnunuzi tayari

Kuna hatari moja ambayo inashinda taimsheya yenyewe. Siku moja simu inalia. Mtu mwenye sauti nzuri anajua jina lako, hoteli yako na hata idadi ya pointi zako. Anasema ana mnunuzi, pengine kompani kubwa, anayetoa dola 30,000. Kinachobaki ni kodi kidogo ao gharama ya karatasi, dola 2,000, na itarudishwa. Unatuma. Juma lijalo kuna kodi nyingine. Unatuma tena, kwa sababu unaogopa kupoteza ile ya kwanza.

Jambo hili si dogo. Katika mwezi wa saba wa mwaka 2024, polisi ya FBI na wizara ya fedha ya Marekani walitoa onyo: kati ya 2019 na 2023, Wamarekani karibu 6,000 waliripoti kwamba walipoteza karibu dola milioni 300 katika wizi wa namna hiyo unaohusu taimsheya za Meksiko. Nyuma yake, walisema, kuna kundi la wauza madawa ya kulevya linaloitwa Cartel de Jalisco Nueva Generación. Linanunua ao linaiba orodha za wenye taimsheya, kisha linaweka vijana wanaosema Kiingereza kizuri wapige simu. Mwezi wa tano wa 2023, vijana waliokuwa wakifanya kazi katika ofisi moja ya simu karibu na mji wa Guadalajara walipotea, na miili ilipatikana katika mifuko, ndani ya bonde. Makuta ya wazee wa Marekani yanalisha watu wa namna hiyo.

Tena wezi hao wanarudi. Mtu aliyekwisha kuibiwa anapigiwa simu na «Interpol» ao na «serikali» inayosema imepata makuta yake, alipe tu gharama ndogo ili yafunguliwe. Hakuna polisi inayofanya kazi hivyo.

Ndani ya Marekani pia kuna kompani zinazojiita waokoaji wa wenye taimsheya. Zinaita watu kwenye hoteli, zinawaogopesha kwamba watoto watarithi deni, kisha zinachukua maelfu ya dola mbele. Katika mwaka 2022, tume ya biashara ya Marekani na jimbo la Wisconsin walishtaki kundi moja la kompani za aina hiyo, wakisema lilichukua zaidi ya dola milioni 90, mengi yakiwa ya wazee. Kuna kanuni moja ambayo hata nyanya asiyejua kusoma anaweza kuishika: anayetaka kukusaidia kuuza, kisha anaomba makuta kabla ya kuuza, usimpe.

Nikikataa kulipa tu?

Wengine wanasema: nitaacha kulipa, watanifanya nini? Watafanya. Kompani inaweza kuuza deni kwa wakusanyaji, kukupeleka tribinali, ao kuchukua juma lenyewe kwa nguvu ya sheria. Jambo hilo linaweza kuharibu alama yako ya mikopo. Kwa familia inayotaka kukodi nyumba kubwa, kununua gari la kwenda kazini ao kupata mkopo wa nyumba, alama hiyo ni kama jina lako kwa majirani. Ikichafuka, inachukua miaka kusafishwa. Kuna watu walioshauriwa na avoka kuchagua njia hiyo wakijua gharama yake. Lakini usiichague peke yako kwa hasira.

Na watoto? Hapo hofu ni kubwa kuliko ukweli. Katika sheria ya Marekani, mrithi halazimishwi kupokea. Mtoto asiyetaka taimsheya ya mzazi aliyefariki anaweza kuikataa kwa maandishi, kwa kawaida ndani ya miezi 9, kwa sharti kwamba hajaanza kuitumia. Akienda likizo huko mara moja «kwa kumkumbuka baba», anaweza kuhesabiwa kuwa ameipokea. Jambo lingine ni kama jina la mtoto liliandikwa katika kontra tangu mwanzo. Huyo si mrithi tena, ni mwenye mali na mdaiwa. Kwa hiyo usikubali muuzaji aongeze majina ya watoto «ili iwe yao».

Walio Ulaya

Kwa ndugu walio Ubelgiji, Ufaransa na inchi nyingine za Umoja wa Ulaya, sheria inalinda zaidi. Kanuni ya mwaka 2008 inatoa siku 14 za kufuta kontra, inakataza kabisa kuomba makuta yoyote katika siku hizo, na inamlazimisha muuzaji kutoa kontra katika luga ya mnunuzi, ikiwa ni moja ya luga za Umoja huo. Kanuni hiyo hiyo inahusu pia kuuza mkono wa pili: anayekusaidia kuuza hana haki ya kudai malipo kabla mauzo hayajafanyika.

Huko Hispania, ambako Wazungu wengi walinunua majuma ya baharini, sheria iliweka mwisho wa miaka 50. Katika mwezi wa kwanza wa 2015, mahakama kuu ya inchi hiyo ilisema kwamba kontra zilizotiwa sahihi baada ya sheria hiyo kuanza, bila kuweka mwisho, hazina nguvu. Mwenye karatasi ya namna hiyo aitoe kwenye sanduku, aangalie tarehe, na amwonyeshe avoka.

Neno kwa familia ya huku nyumbani

Mara nyingi ndugu aliye ng'ambo hauzi jambo kubwa bila kuuliza nyumbani. Atapiga simu ya WhatsApp usiku: «Yaya, nina nyumba ya likizo huku, nataka kuiacha.» Na sisi, kwa upendo, tutamwambia: «Usiache mali, mdogo wangu. Vumilia.» Tunamjibu kama mtu mwenye parsele.

Kabla ya kumjibu hivyo, tumuulize maswali manne. Deni la kununua limekwisha? Unalipa ngapi kila mwaka? Mwaka uliopita ulikwenda siku ngapi? Ungekodi tu, ungelipa ngapi? Majibu hayo yakiwekwa kwenye karatasi moja, shauri linatoka lenyewe, bila kuhitaji mwenye elimu ya sheria.

Tumwondolee pia haya. Mtu aliyeuza parsele ya dola 20,000 kwa dola moja, huku kwetu tungemcheka mpaka kifo. Lakini mtu anayerudisha taimsheya bila kupata kitu hajapoteza mali leo. Mali ilipotea siku ya sahihi, na leo amefunga tundu. Dola 1,200 ambazo hatalipa mwaka ujao ni makuta ya kweli: ni kodi ya nyumba, ni masomo ya mtoto, ni dawa ya mama huku Uvira, ao ni mwanzo wa kununua parsele ya kweli, yenye mipaka inayoonekana, mahali ambapo hakuna mtu atakayekuletea bili kwa sababu haukulala hapo.